Stendi ya Kamera, Lenzi ya 50mm au Simu: Uanze na Kipi Kupiga Picha za Mji Usiku?

Mdogo wangu ana Canon ya zamani aliyoinunua kwa mtu, pamoja na lenzi ile iliyokuja nayo, 18-55mm (mm zikiongezeka, lenzi inavuta karibu zaidi na kuona eneo dogo zaidi). Mchana inampa picha nzuri. Usiku inamvunja moyo. Mwezi uliopita alinitumia picha sita za Posta, katikati ya jiji: taa zimejikokota kama minyoo, kuta za maghorofa zimejaa chenga, anga limekuwa na rangi ya chai ya rangi. Chini ya picha ya mwisho akaandika: "Kaka, hela niliyoweka inatosha kitu kimoja tu. Ninunue stendi au lenzi ya 50? Au niuze kamera nibaki na simu?"

Sikumjibu siku hiyo. Nilimwambia aje na kamera na simu yake, mimi nije na stendi yangu, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, na lenzi yangu ya 50mm f/1.8, tutoke jioni tatu hapa Dar es Salaam, sehemu tatu tofauti, tuvijaribu vyote. Naandika tuliyoyaona kwa sababu swali lake naulizwa kila mara na watu wanaoanza, na wengi wamekwisha kupewa jibu la jina la kampuni kabla hawajaulizwa wanataka kupiga picha ya nini.

Kukinga maji bomba linapodondosha

Usiku kamera inapokea mwanga kidogo, kama bomba la mtaani siku maji yana presha ndogo. Unaweza kuiacha ndoo chini ya bomba mpaka ijae: hiyo ndiyo kazi ya stendi, kwa sababu inakuruhusu kuacha shata, lile pazia linalopitisha mwanga ndani ya kamera, wazi sekunde 4, 10 au 30 bila kamera kutikisika. Unaweza kutafuta bomba pana zaidi: hiyo ndiyo lenzi ya f/1.8, ambayo tundu lake ni kubwa (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Au unaweza kukinga vikombe vingi vidogo haraka haraka na kuvimimina pamoja: hivyo ndivyo simu inavyofanya ikiwa kwenye modi ya usiku.

Na ISO, ile namba ya kamera ya kukuza mwanga? Kupandisha ISO hakuongezi maji kwenye ndoo. Kamera inaukuza mwanga uleule mdogo iliopata, na inapoukuza inakuza na uchafu wake, ndiyo zile chenga. Picha sita za mdogo wangu zilikuwa za ISO 6400, shata 1/10 ya sekunde, kamera mkononi. Alikuwa amebanwa pande zote mbili: chenga kwa sababu ya ISO, minyoo kwa sababu ya mkono.

Jioni ya kwanza: Kigamboni, tukitazama Posta

Tulivuka na kivuko mapema. Ukiwa upande wa Kigamboni jua linazama nyuma ya maghorofa ya mjini, kwa hiyo anga linabaki na rangi nyuma ya majengo hata taa zikishawaka. Hapo ndipo nilipomweleza jambo ambalo halinunuliwi dukani, na ambalo kwangu lina uzito kuliko vifaa vyote vitatu: saa ya kupiga.

Picha nyingi mbaya za usiku zimepigwa usiku mno. Saa 3 usiku anga ni jeusi tupu, paa la jengo halionekani linaishia wapi, na taa zinaelea peke yake. Lakini kuna kipindi kifupi baada ya jua kuzama ambapo anga ni la bluu iliyokolea, na mwanga wake unakaribiana na mwanga wa taa za madirishani. Kamera inaweza kuvishika vyote viwili kwa pigo moja. Dar es Salaam jua huzama kama saa 12 na robo jioni mwezi wa Juni, na karibu saa 12:45 mwezi wa Februari. Ukikaa jirani na msikiti huhitaji saa: adhana ya Magharibi ikilia jua limetua, hesabu dakika 10, anza. Huku kwetu karibu na Ikweta jua linashuka wima, kwa hiyo giza linaingia upesi. London mwezi wa Juni mwanga huo wa jioni hupita dakika 40. Sisi tuna kama dakika 20 hivi. Ukifika umechelewa ukitafuta pa kuegesha, umeikosa.

Katika dakika hizo 20 stendi ilishinda bila ubishi. Lenzi yake ya kawaida ikiwa 24mm, tundu f/8, ISO 100, shata sekunde 4. Picha ilitoka safi, madirisha yanahesabika, maji ya mlango wa bandari yamelainika kama kitambaa kilichopigwa pasi. Lenzi ileile ya bei ndogo aliyokuwa ameikatia tamaa! Nilifurahi kuona uso wake alipoikuza ile picha kwenye kioo cha kamera.

Kisha tukaweka 50mm, kamera mkononi, f/1.8, ISO 800, shata 1/60. Picha ilikuwa nzuri ukiitazama kwa mbali. Ukiikuza, pembeni taa zina mabawa, kwa sababu karibu kila lenzi ya bei nafuu hulegea pembeni tundu likiwa wazi kabisa. Halafu kuna suala la upana. Kwenye kamera za aina yake, ambazo kihisi chake (kipande kinachopokea mwanga) ni kidogo kuliko filamu ya 35mm, lenzi ya 50mm inaona kama ya 80mm. Anayetaka mstari wote wa maghorofa atapata kipande tu.

Simu yake, tuliyoiegemeza kwenye ukuta, ilitoa picha ambayo kwenye kioo cha simu ilipendeza kuliko ya kamera. Rangi kali, kila kitu kinang'aa. Tulipoifungua kwenye kompyuta siku ya pili, madirisha ya mbali yalikuwa yamegeuka rangi ya maji iliyopakwa kwa brashi. Programu ya simu inafuta chenga, na inapofuta chenga inafuta na vitu vidogo vya kweli.

Lakini kwenye kivuko tukirudi mjini, mambo yalibadilika. Ukisimamisha stendi juu ya chombo kinachoyumba, inasimama imara juu ya kitu kisichosimama, na sekunde 4 zinatoka michirizi mitupu. Huko 50mm ilifanya kazi, na simu ilifanya kazi: nyuso za abiria zikiangazwa na taa za dari, baiskeli zenye mizigo, mji ukikaribia. Stendi ilikaa begani.

Neno moja kuhusu eneo hilo. Bandari, Ikulu na majengo ya serikali viko karibu sana na pale, na si kila upande unaruhusiwa kupigwa. Stendi inaonekana kwa mbali na inamfanya mlinzi aje kuuliza hata pale ambapo mwenye simu hasemeshwi. Nimewahi kuondolewa mbele ya jengo moja mjini kabla sijafungua mguu wa pili wa stendi. Siku hizi naanza kwa kumfuata mlinzi mwenyewe, nasalimia, namwonyesha upande ninaotaka kupiga. Akikataa naondoka. Hili ni jambo la kuweka kwenye mizani unapochagua, kwa sababu kifaa unachoogopa kukitoa kwenye begi hakikusaidii.

Jioni ya pili: Kariakoo

Hapa jibu liligeuka kabisa. Watu wanapita mabega kwa mabega, mikokoteni, bajaji, mtu ananadi mashati juu ya meza, taa za balbu zimening'inia usawa wa kichwa. Hakuna pa kutanua miguu mitatu ya stendi bila kumzibia mtu njia. Hata ukipata pa kuitanua, sekunde 2 za shata zinamgeuza kila mpita njia kuwa moshi. Stendi inatuliza kamera. Watu haiwatulizi.

Tulisimama kwenye banda la chipsi pembeni ya mtaa. Nikamwamkia mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mayai mangapi?"

"Mawili. Na tunaomba ruhusa mama, mdogo wangu anajifunza kamera, apige picha jiko na mikono yako ukikaanga."

"Apige tu. Uso wangu asiuweke, nimechoka leo."

Kwa lenzi yake ya kawaida ikiwa imevutwa mpaka 55mm, tundu haliwezi kuzidi f/5.6. Ili shata ifike 1/125, kasi inayotosha kusimamisha mkono unaogeuza chipsi, kamera ilidai ISO 12800. Chenga zikala mvuke wote wa mafuta. Tukabadili, 50mm, f/2, shata ileile 1/125, na ISO ikashuka hadi 1600. Tofauti ni mara nane ya mwanga, kwa lenzi yenye uzito wa gramu 160 hivi inayoingia mfukoni. Mvuke ukaonekana, matone ya mafuta yakaonekana, na taa za maduka ya nyuma zikawa miduara laini ya njano na kijani. Sijui picha ya mtaa usiku inayonipendeza kuliko hiyo.

Ina masharti yake. Kwa f/1.8 au f/2, ukiwa umbali wa hatua moja, kinachoonekana bila ukungu ni upana wa vidole vichache. Ukifokasi pua, jicho limelegea. Mdogo wangu alipoteza nusu ya picha zake za kwanza hivyo, mpaka nilipomfundisha kuchagua nukta moja ya kufokasi mwenyewe badala ya kuiachia kamera ichague. Kingine ni taa. Umeme wetu ni wa Hz 50, na balbu nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni. Ukiweka shata ya haraka kama 1/500 utapata picha moja yenye mwanga na inayofuata ina giza, au mistari myeusi imekatiza. Baki 1/100 au 1/50 pale unapoona hivyo.

Simu pale Kariakoo? Kwa mtu aliyesimama akikutazama, ilifanya vizuri. Kwa mkono unaotembea, modi ya usiku ilishona pamoja picha kadhaa za wakati tofauti na kumpa yule mama vidole viwili vya ziada. Tulipozima modi ya usiku ilirudi kwenye chenga. Kihisi cha simu nyingi za bei ya kati kinaweza kuwa kidogo mara kumi kuliko cha kamera ile ya zamani, na kwa kitu kinachotembea gizani hakuna programu inayoziba pengo hilo vya kutosha. Ila ina sifa moja ambayo sitaki kuipita: watu hawaishtukii simu. Kamera ikitoka, mtaa mzima unajipanga.

Kabla hujaikataa simu

Naona wengi wanaihukumu simu kwa makosa ambayo si yake. Futa lenzi kwanza. Alama ya kidole kwenye kioo cha lenzi ndiyo inayofanya kila taa itoe mkia mrefu wa mwanga, na simu inashikwa kutwa nzima. Tumia lenzi kuu tu, ile ya 1x. Lenzi ya upana na ya kuvuta kwa kawaida zina tundu dogo au kihisi kidogo zaidi. Usivute kwa vidole, sogea kwa miguu. Zima flashi, maana inamulika mita chache tu na jengo liko mita mia. Kisha gusa kioo pale penye taa na ushushe mwanga, kwa sababu simu ikiachiwa hiari yake hutaka usiku ufanane na mchana, na picha ya usiku inahitaji giza lake.

Jambo ambalo watu hawalijui: simu nazo hufaidika na stendi. Google ilipoleta modi yake ya usiku kwenye Pixel mwaka 2018, na Apple kwenye iPhone 11 mwaka 2019, programu hizo zilitengenezwa zipime kama simu imetulia. Ikihisi imetulia kabisa, inakinga mwanga kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kishikio kidogo cha simu kinachofungwa juu ya stendi kinakupa picha ambayo mkono hauwezi. Wala kuuza kamera hakuhitajiki.

Jioni ya tatu: daraja la waenda kwa miguu, Manzese

Nia yetu ilikuwa michirizi ya taa za mabasi ya mwendokasi kwenye Barabara ya Morogoro. Picha hiyo ni ya stendi na ya stendi peke yake. Shata sekunde 10 hadi 15, f/11, ISO 100. Basi lenyewe linapotea, inabaki mistari mirefu nyeupe upande mmoja na myekundu upande wa pili. Kwa f/11 taa za barabarani nazo hutoa miale ya nyota. Lenzi ya 50mm ikiwa mkononi haiwezi. Simu nyingine zina modi ya michirizi ya taa, ya kwake haina.

Lakini daraja la watu linatetemeka. Kila anayepita kwa haraka anatikisa sakafu, na tulipoteza picha nyingi mpaka tulipojifunza kusubiri wapite. Tulifupisha stendi, hatukuuinua ule mguu wa katikati, tukatundika begi chini yake liongeze uzito, tukazima kitulizi cha lenzi (kile kinachopunguza mtikisiko wa mkono), na tukatumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiiguse kamera wakati shata inafunguka. Hayo yote ni ya bure. Stendi bila hayo ni miguu mitatu tu.

Rangi ya chungwa iliyokuwa inamkera mdogo wangu tuliimaliza palepale. Taa za zamani za sodiamu zina mwanga wa kama Kelvin 2000 (Kelvin ni kipimo cha rangi ya mwanga), na kamera ikiachwa kwenye otomatiki mara nyingi inashindwa kuurekebisha. Tuliweka rangi kwa mkono karibu Kelvin 3200 na kupiga kwa RAW, faili ambalo kamera haijalichakata, ili irekebishike baadaye. Pale penye taa mpya za LED tulipandisha hadi 4000. Usijaribu kuifuta chungwa yote; taa ya sodiamu haina rangi nyingine za kutosha ndani yake za kurudishiwa, na ukilazimisha kuta zinakuwa za kijivu kilichokufa.

Nilimwambiaje basi

Nilimwambia afungue folda yake, aangalie picha za usiku alizopiga mwaka mzima, hata zile mbaya, ahesabu. Ngapi alikuwa akitaka majengo, madaraja, barabara, maji? Ngapi alikuwa akitaka watu? Kati ya picha 74, watu walikuwa kwenye 11. Moyo wake uko kwenye mji wenyewe.

Kwa hiyo stendi. Kama hesabu ingetoka kinyume ningemwambia 50mm bila kusita, na hata ningemwambia ashone kifuko cha kitambaa, atie kilo moja ya mchele, akilaze chini ya kamera juu ya ukuta wowote. Kinafanya nusu ya kazi ya stendi kwa bei ya mchele. Mwenye kamera ya kihisi kidogo kama hiyo anayetaka lenzi moja ya mitaani, aangalie pia 35mm f/1.8 kabla ya 50mm, hasa kama kamera yake ni ya Nikon, maana kwenye vichochoro vya Kariakoo au Mji Mkongwe 50mm inakulazimisha kurudi nyuma, na nyuma kuna ukuta. Na asiye na kamera kabisa, mwenye simu ya miaka ya karibuni, anunue stendi ndogo na kishikio cha simu, apige miezi sita, ndipo afikirie kamera.

Dukani tulikwenda wote. Stendi nyepesi sana tuliziacha: ukiitanua miguu na kuibonyeza juu kwa kiganja, ikicheza mbele ya muuzaji itacheza zaidi kwenye upepo wa Ocean Road. Tulizungusha kichwa chake tukiwa tumefunga kamera yake halisi, kuona kama kinateremka chenyewe. Tulihakikisha kile kisahani cha kufungia kamera kinapatikana peke yake, kwa sababu kikipotea stendi nzima inalala ndani. Aliyochukua ina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Alilalamika kidogo, nikamwambia uzito huo ndio anaoununua.

Jumamosi iliyopita alikwenda peke yake upande wa Coco Beach kupiga Daraja la Tanzanite, lile la kilomita moja lililofunguliwa mwaka 2022. Alinipigia simu akiwa palepale. Maji yalikuwa yamekupwa, chini ya daraja ni matope, taa hazina pa kuakisi. Tukaangalia pamoja ratiba ya maji: bamvua ijayo, siku za maji makubwa, yatakuwa yamejaa karibu saa 11 jioni, na Magharibi bado yatakuwa juu. Atarudi siku hiyo.